"Mafuta ya mimea" ni mafuta gani? Maneno ya jumla kwenye lebo za vyakula

Kazi yangu ya teknolojia ya chakula hunifanya nisome lebo nyingi kabla hazijapelekwa kuchapwa, na swali ninaloulizwa zaidi ni kwa nini pakiti ya biskuti huandikwa "mafuta ya mimea" pasipo kutaja mmea wenyewe. Wengi hudhani ni ujanja wa mwenye kiwanda, ilhali ni ruhusa ya kanuni: kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, ambacho ni msingi wa viwango vya nchi nyingi, kinakubali baadhi ya viambato vitajwe kwa jina la kundi lao. Mwenye kiwanda huipenda ruhusa hiyo kwa sababu ya kibiashara iliyo wazi, kwani bei ya mawese ikipanda anaweza kuhamia alizeti au pamba bila kuchapa pakiti mpya.

Kwa mlaji, hata hivyo, tofauti si ndogo. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) katika damu, wakati kwenye alizeti ni takriban sehemu moja tu ya kumi. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kilichotiwa kwa wingi kikitangulia, kwa hiyo jina hilo likishika nafasi ya tatu, baada ya unga na sukari, basi mafuta hayo si kiasi kidogo cha kupaka kikaango tu. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, mzalishaji hulazimika kutaja mmea uliotoa mafuta, na sioni sababu ya msomaji wa Mwanza au Mombasa kustahili maelezo pungufu ya hayo.

Likiongezwa neno kuhusu haidrojeni, soma kwa makini zaidi. Mafuta yaliyotiwa haidrojeni (gesi inayoyafanya yagande) kwa sehemu tu ndiyo chanzo kikuu cha mafuta ya transi ya viwandani, yanayodhuru moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 yaondolewe kwenye vyakula ifikapo 2023.

Waislamu huniuliza kuhusu mafuta ya nguruwe. Hapo Codex haina utata: mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe lazima yatajwe kwa majina yake, wala hayaruhusiwi kufichwa chini ya jina la kundi. Mwanya uko kwingine, kwenye namba E471, ambayo ni kisaidizi cha kuchanganya maji na mafuta katika mkate, keki, aiskrimu na majarini. Namba hiyo inaeleza aina ya kemikali iliyotumika, lakini haisemi lolote kuhusu asili yake, kwa maana kemikali hiyohiyo hutengenezwa kwa mawese au kwa mafuta ya mnyama. Anayejali jambo hilo atafute alama ya halali au maneno "ya asili ya mimea" pembeni ya namba. Namba peke yake haitamsaidia.

Neno "vionjo" nalo hubeba mengi, kwa kuwa kionjo kimoja huweza kuwa mchanganyiko wa kemikali kadhaa ambazo hazilazimiki kutajwa mojamoja. Kinywaji "chenye ladha ya embe" huenda hakina embe hata tone, na jibu liko kwenye orodha, si kwenye picha ya tunda: tafuta juisi au rojo ya embe pamoja na asilimia yake. "Wanga uliobadilishwa" huwatisha watu bure, maana kilichobadilishwa ni wanga wenyewe, ili uvumilie joto au asidi. Hauhusiani na kubadilisha jeni za mmea.

Kuna kanuni moja ya Codex ambayo wachache wanaifahamu. Kiambato ambacho chenyewe ni mchanganyiko, mathalani vipande vya chokoleti ndani ya biskuti, kikiwa chini ya asilimia 5 ya bidhaa hakilazimiki kufafanuliwa. Vizio, yaani viambato vinavyosababisha mzio, kama karanga, maziwa na mayai, havipati msamaha huo. Hivyo mzazi wa mtoto mwenye mzio anapaswa kusoma pia sentensi inayoanza na neno "ina" iliyo chini ya orodha.

Anwani ya mzalishaji huwa kwenye pakiti. Ukimwandikia, usimuulize kama bidhaa ni salama, maana atakujibu ndiyo. Muulize mafuta yake hutoka mmea gani na E471 yake ina asili gani. Akikujibu kwamba hutegemea kilichopatikana sokoni, basi pakiti ya mwezi ujao huenda isiwe na mafuta yaleyale.