Makala kupitishwa na jarida si kuthibitishwa

Mara nyingi nasikia mtu akimaliza ubishi kwa kusema, "Imetoka kwenye jarida la kitaaluma, imehakikiwa, basi ni kweli." Sivyo.

Muswada wa makala ukifika kwenye jarida, wa kwanza kuusoma ni mhariri. Mingi huishia hapo hapo mezani kwake: mada haiendani na jarida, au haina jipya. Inayopita hutumwa kwa wahakiki, kwa kawaida wawili au watatu, wataalamu wa fani hiyo hiyo, na aghalabu hawalipwi. Mhakiki huisoma usiku, akishamaliza kusahihisha mitihani ya wanafunzi wake. Anauliza: mbona sampuli ni ndogo? Mbona jedwali la 3 halioani na maelezo? Lakini haingii maabara kurudia jaribio, wala hamtafuti mgonjwa hata mmoja kumhoji. Anaanza kwa kuziamini takwimu alizoletewa. Tena uamuzi si wake; yeye hushauri, mhariri ndiye huamua.

Ndiyo maana makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield na wenzake, iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya MMR (ya surua, matubwitubwi na rubela) na usonji kwa kutazama watoto 12 tu, ilichapishwa na jarida la tiba la The Lancet mwaka 1998, ikaja kufutwa 2010. Miaka 12! Wahakiki hawakuwa na mafaili ya watoto wale. Aliyefukua kasoro zake ni mwandishi wa habari, Brian Deer. Inaniuma, kwa sababu wakati huo wazazi wengi Uingereza walikuwa wameshaacha kuwachanja watoto wao, na surua ikarudi.