"Ushirikishwaji": nani alimshirikisha nani?

Mwezi huu nimelisikia mara nne. Mara ya nne ilikuwa redioni, kijana wa mradi fulani hapa Goma, mashariki mwa Kongo, akieleza kwamba mtaro unaochimbwa kwenye kartiye (mtaa) yao "ni mpango wa wakazi wenyewe, kwa sababu kulikuwa na ushirikishwaji mkubwa". Nikapunguza sauti. Nusu ya pili ya maneno yake iliifuta nusu ya kwanza, naye hakusikia.

Maana kwa haraka. Mpango unaoongozwa na wakazi ni ule ambao watu wa mtaa ndio wanaoamua shida ipi ianze, nini kijengwe, kipite wapi na pesa itumikeje. Mhandisi, komini (serikali ya sehemu ya mji) na mfadhili huitwa baadaye, waje kusaidia. Ushirikishwaji ni mwenye mpango kuwaingiza wengine katika mpango wake. Basi. Kinachoniudhi kimo ndani ya neno lenyewe.

Tulivunje. Shiriki limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwenzako. Hapo kila mtu ana chake. Tia -ana: tunashirikiana, bado tuko sawa. Tia -isha: shirikisha, na ghafla kuna mmoja anayemwingiza mwingine, kumbe jambo lilikuwa lake tangu mwanzo. Tia -w-: shirikishwa, na huyo mwenye jambo ametoweka hata kwenye sentensi. "Wakazi walishirikishwa." Na nani? Kitenzi kimenyamaza, na nadhani ndiyo maana waandishi wa ripoti wanakipenda.

Mzizi huohuo ndio uliotupa ushirikina, yaani kumtafutia Mungu washirika. Kosa ni kubwa hivyo kwa sababu mshirika si mgeni wa pembeni, anakalia kiti kilekile. Tena kuna mshiriki na mshirika, herufi moja tu kati yao. Mshiriki anasaini orodha ya mahudhurio, anapewa Fanta na pesa ya usafiri, anarudi nyumbani. Mshirika ana hisa. Akikataa, shughuli inasimama. Mikutano yetu imejaa washiriki.

Nilikaa kwenye mmoja baada ya lava ya volkano ya Mei 2021, kartiye ya Majengo, ndani ya ukumbi wa kanisa. Ramani ilikuwa tayari ukutani, imechapishwa kwa rangi, mtaro ukiwa mstari wa buluu. Mama mmoja aliyeacha nje meza yake ya makala, yaani mkaa anaouza, alisogea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi, akaweka kidole. "Papa, hii kanivo inapita mu nyumba ya nani? Hapa ni kwangu." Mwezeshaji akamshukuru kwa mchango wake mzuri, akaandika kitu kwenye daftari. Mama hakuketi. "Sasa mutuambie: tulikuja kusema ao kusikia?" Watu wakacheka, soda zikagawiwa. Ripoti niliiona baadaye. Ilihesabu wanawake, wanaume na vijana vizuri sana, na mstari wa buluu ulikuwa palepale.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliandika makala akiipanga hali hii kama ngazi yenye vipandio 8: chini kabisa kuchezewa, katikati kupewa habari na kuulizwa maoni, juu kabisa wananchi kushika usukani. Ndani ya makala hiyo aliweka bango la wanafunzi wa Ufaransa ambalo sisi tuliokaririshwa vitenzi vya Kifaransa shuleni tunalielewa upesi: nashiriki, unashiriki, anashiriki, tunashiriki, mnashiriki, wanafaidi.

Wengine huniambia: lakini sisi tuna salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Hapana. Ni neno la Kilingala, na sala inayosikika humo ni ile ya kufanya kazi, si ya kanisani. Lilienea enzi za Mobutu, miaka ya 1970, likiwa kazi ya lazima. Siidharau, mtaro hauzibuki wenyewe. Ila kushika chepeo la kuchimbia ni jambo moja, kusema mtaro upite wapi ni jingine, na mtu anaweza kuchimba kwa mikono yake mwenyewe mpango usio wake.

Nikitaka mfano, siutafuti mbali. Januari 2002 lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilikata katikati ya mji ikaingia ziwani. Kambi ziliandaliwa upande wa Rwanda. Wengi hawakungoja, walirudi mawe yakiwa bado na joto. Kwetu avenyu ilipatikana upya kwa kubishana: ukuta wa fulani ulifika hapa, mlango wa fulani ulitazama kule. Kisha nyundo, jiwe jeusi likivunjwa kipande kwa kipande, na jiwe hilohilo likageuka msingi wa nyumba. Haki haikuwa kamili, mwenye sauti kubwa alipata kiwanja kipana kidogo. Lakini waliokosea walikuwa wakazi, na uliyemdai ulimjua kwa jina. Hakuna aliyetushirikisha.

Tatizo jingine ni la kisheria. Sheria ya Kongo ya Oktoba 2008 inautambua mji na komini kama mamlaka zenye uwezo wa kujiamulia. Kartiye haimo, na shefu wake huteuliwa. Kwa hiyo hata wakazi wakiandika mpango wao vizuri, lazima upande hadi komini, na huko juu ndiko "wakazi wameamua" hugeuka "wakazi wameshirikishwa".

Na ninasema wakazi makusudi. Kuna wanaopenda "wenyeji", neno zuri, lina "mwenye mji" ndani yake. Ila hapa kwetu wenyeji lina miba: mtu huuliza mara moja ni nani mwenyeji na nani amekuja juzi na godoro kichwani. Mkazi ni anayekaa. Maji ya mvua yakishuka hayaulizi ulikuja mwaka gani.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa miradi, neno lenu silifuti. Mkifika na ramani iliyokwisha kuchapishwa mkatuuliza maoni, andikeni "tuliwashirikisha wakazi". Ni kweli, wala si aibu. Na ikitokea siku moja ramani imechorwa kwa kijiti kwenye vumbi, mbele ya meza ya makala, ninyi mkaitwa baadaye mlete mhandisi, kitenzi ni kilekile, badilisheni mtendwa tu: "tulishirikishwa".