Mtoto anasaga meno usiku? Usikimbilie dawa ya minyoo

Wazazi wengi wanaoleta mtoto anayesaga meno usingizini huwa wameshampa dawa ya minyoo, wengine zaidi ya mara moja. Imani hiyo imeenea sana, ila utafiti haujathibitisha kwamba minyoo ndiyo inayosababisha tatizo hili. Dawa ya minyoo ina ratiba na faida zake; mpe mtoto kwa ajili ya minyoo, si kwa ajili ya meno.

Watoto wengi huacha wenyewe meno ya utotoni yanapopisha ya ukubwani, kati ya miaka 6 na 12. Lakini akisaga meno huku anakoroma au analala mdomo wazi, mpeleke akachunguzwe pua na koo, maana tezi zilizovimba huweza kubana njia ya hewa.

Watu wazima ndio wananipa wasiwasi zaidi, kwa kuwa wengi hawajui kama wanasaga. Anayesikia ni mwenza wake. Msagaji mwenyewe huamka taya limechoka, kichwa kinauma pembeni mwa macho, na akinywa maji baridi anapata ganzi ya meno. Kinywani tunakuta meno yamelika hadi kuwa bapa, pengine jino limepasuka. Enameli, tabaka gumu la nje, ikishalika haioti tena.

Vichocheo ni vingi: msongo wa mawazo, sigara, pombe, kahawa nyingi, na baadhi ya dawa za sonona kama fluoksetini. Ukihisi dawa yako inahusika, usiiache kabla ya kuzungumza na daktari aliyekuandikia.

Kinga kuu ya meno ni kifaa cha plastiki ngumu kinachotengenezwa kwa vipimo vya meno yako na kuvaliwa usiku. Nasisitiza: hakikomeshi kusaga, kinapokea msuguano ili meno yasilike. Ukiambiwa meno yanolewe ili tatizo liishe, kataa; jino lililopunguzwa halirudi, na hakuna ushahidi kwamba kunoa kunatibu.

Mchana, jichunguze ukiwa kazini au kwenye foleni. Meno ya juu na ya chini hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine midomo ifungwe, meno yaachane, taya lilegee. Na kama unakoroma sana, unakatika pumzi usingizini au unasinzia hovyo mchana, anza na uchunguzi wa upumuaji kabla ya kutengenezewa kifaa.