Seli kuzeeka maana yake nini

Watu wawili wa Mikindani waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kupishana sana umri wa ndani. Vitambulisho vinasema wote wana miaka 45, lakini mishipa, mapafu na ini la mmoja vimechakaa kuliko vya mwenzake. Tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, iko kwenye seli.

Seli huhesabiwa kuwa imezeeka pale inapoacha kugawanyika. Mwili unategemea mgawanyiko huo kufunga vidonda, kutengeneza damu na kuotesha ngozi mpya. Mwaka 1961 mwanasayansi Leonard Hayflick wa Marekani alionyesha kuwa seli za binadamu zilizooteshwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Sababu kubwa ni telomea, ncha za kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Ncha hizo hukinga vinasaba kama pindo linavyozuia mkeka usifumuke. Kila seli inapogawanyika, ncha hizo hupungua, na zikifupika mno seli husimama.

Hilo halimkwepi mtu yeyote. Mazoea mabaya yanachofanya ni kuharakisha. Moshi wa sigara huleta kemikali zinazoshambulia vinasaba moja kwa moja, na tafiti nyingi zimekuta wavutaji wana telomea fupi kuliko wenzao wasiovuta. Pombe nayo, iwe bia ya dukani, uraka wa mabibo msimu wa korosho au gongo, ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba. Seli za ini zikifa, nyingine hugawanyika kujaza nafasi. Anayekunywa kila siku analilazimisha ini kufanya kazi hiyo bila kupumzika. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa muda mrefu hunasa kwenye protini na kuikakamaza mishipa. Kukesha na kushinda umekaa huongeza mzigo huohuo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba seli iliyozeeka mara nyingi haifi. Inabaki palepale ikimwaga kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, usiouona wala kuuhisi, na kuzichakaza hata seli jirani zilizokuwa nzima. Ni mojawapo ya njia zinazofanya kisukari, magonjwa ya moyo na ya figo yamwandame mtu kadiri miaka inavyosonga.

Lakini tusikimbilie kumlaumu kila aliyechakaa mapema. Mwaka 2004 wanasayansi Elissa Epel, Elizabeth Blackburn na wenzao walichapisha utafiti juu ya akina mama wa Marekani, baadhi yao wakiuguza watoto wenye maradhi ya kudumu. Kadiri mama alivyouguza miaka mingi, ndivyo telomea zake zilivyokuwa fupi. Mama wa Newala au Nachingwea anayeuguza bila msaidizi hakuchagua tabia mbaya. Anahitaji mtu wa kumpokea zamu ili alale.

Blackburn huyo, pamoja na Carol Greider na Jack Szostak, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya telomea na telomerasi, kimeng'enya kinachozirefusha. Ukisikia mtu anauza vidonge vya kurudisha ujana kwa kuamsha telomerasi, usimpe pesa yako. Seli nyingi za saratani hutumia kimeng'enya hichohicho kugawanyika bila kikomo.