Usimamizi wa mifumo ya kompyuta katika maabara ya seismolojia una maana gani?

Ukimwambia mtu kwamba kazi yako ni kusimamia mifumo ya kompyuta, atawaza printa iliyokwama, nenosiri lililosahaulika na mtandao uliokatika. Hayo yamo. Lakini katika maabara ya seismolojia, yaani mahali wanapochunguza matetemeko ya ardhi na mawimbi yanayopita ndani ya dunia, kazi hiyo ina mzigo mwingine. Msimamizi ndiye anayehakikisha kwamba mtikisiko uliotokea saa nane usiku, watu wote wakiwa wamelala, umeingia kwenye diski, umebandikwa saa sahihi, na utasomeka na mtafiti ambaye pengine leo yuko shule ya msingi.

Ofisini, barua pepe iliyokwama asubuhi itafika jioni. Tetemeko halifanyi hivyo. Sekunde 40 ambazo seva ilikuwa imezima huku ardhi ikitikisika hazipatikani tena popote, isipokuwa kama kifaa kilicho kituoni kilizitunza. Ndiyo maana mimi nasema wazi: msimamizi wa mifumo katika maabara hii ni sehemu ya utafiti wenyewe, hata kama jina lake haliandikwi kwenye makala.

Tuanze kule data zinakotoka. Kituoni kuna seismometa iliyofukiwa ardhini au kufungwa kwenye mwamba. Kando yake kuna dijitaiza, kifaa kinachogeuza mtikisiko kuwa namba, mara nyingi namba 100 kila sekunde kwa kila upande kati ya pande tatu: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Piga hesabu. Kwa siku moja kituo kimoja kinatoa namba 25,920,000. Kila namba ikichukua baiti 4, unapata takribani megabaiti 104. Vituo 50 vitakupa gigabaiti 5 na ushei kila siku, karibu terabaiti 2 kwa mwaka. Kwa bahati nzuri namba hizo hubanwa: badala ya kuandika kila thamani nzima, mbinu iitwayo Steim huandika tofauti kati ya namba na ile iliyoitangulia, na ardhi ikiwa tulivu tofauti hizo ni ndogo sana. Matokeo yake huhifadhiwa katika muundo uitwao miniSEED, ambao maabara za dunia nzima zinauelewa.

Data husafiri kutoka kituoni hadi kwenye seva kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya mashine, kama SeedLink. Uzuri wake ni kwamba kila pakiti ina namba yake ya mfuatano. Mtandao ukikatika kwa saa mbili, seva ikirudi inasema ilipoishia, nayo data huendelea kutoka hapo, kama msomaji aliyekunja ukurasa kabla ya kufunga kitabu. Ila hifadhi ya muda ya upande wa kituo ina ukubwa wake. Ikijaa, data mpya hufuta za zamani. Msimamizi anapaswa kujua ukubwa huo kwa masaa na siku, kwa sababu ndio muda alionao wa kurekebisha hitilafu kabla pengo halijawa la kudumu.

Zikifika, zinapangwa. Tazama jina hili la faili:

IU.ANMO.00.BHZ.D.2024.061

IU ni mtandao wa vituo. ANMO ni kituo kilichopo Albuquerque, Marekani. 00 hutofautisha vifaa vilivyo mahali pamoja. BHZ ni chaneli: B inaonyesha kasi ya kupima na upana wa masafa, H aina ya kifaa, Z upande wa juu na chini. D ni alama ya data za mawimbi, 2024 ni mwaka, na 061 ni siku ya 61 ya mwaka huo, yaani tarehe 1 Machi. Mwaka 2023 siku ya 061 ilikuwa tarehe 2 Machi, kwa kuwa 2024 ulikuwa mwaka mrefu. Programu ndogo iliyoandikwa haraka haraka bila kukumbuka jambo hilo itakuletea faili la siku nyingine, na haitatoa onyo lolote.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu ahifadhi siku ambayo hakuna kilichotikisika. Swali hilo huja kila bajeti ya diski inapojadiliwa. Jibu ni kwamba kelele zile zile zilizoonekana takataka zimegeuka kuwa data. Tangu miaka ya 2000, watafiti wamekuwa wakilinganisha kelele za vituo viwili, nyingi zikitokana na mawimbi ya bahari, na kupata picha ya miamba iliyo chini ya ardhi bila kusubiri tetemeko lolote. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, vituo duniani kote vilionyesha mitikisiko ya shughuli za binadamu ikishuka kwa kiwango ambacho hakikuwahi kurekodiwa. Anayetunza zile tu siku zenye matetemeko angekosa yote mawili.

Sasa saa, ambayo kwangu mimi ndiyo roho ya kazi. Mahali tetemeko lilipoanzia hukadiriwa kwa kulinganisha nyakati mawimbi yalipofika vituo mbalimbali. Katika gamba la dunia wimbi la P, lile linalofika kwanza, hukimbia kilomita 6 hivi kwa sekunde. Saa ya kituo ikikosea nusu sekunde, wimbi litaonekana limesafiri kilomita 3 zaidi au pungufu. Kwa hiyo vituo huchukua saa kutoka setilaiti za GPS, na kila kitu huandikwa kwa UTC, saa moja inayotumika dunia nzima, si ya mahali kompyuta ilipo. Antena ikikatika, dijitaiza huendelea na saa yake ya ndani, ambayo huanza kupotea polepole. Muundo wa miniSEED una nafasi ya kuandika ubora wa saa kwa asilimia, na msimamizi makini huichora kwenye grafu na kuiangalia kila siku. Mstari ulioanza kushuka humwambia kuna antena ya kukaguliwa kabla mtafiti hajashangaa kwa nini matetemeko yake yamehama.

Hata setilaiti zina mtego wake. Mfumo wa GPS huhesabu wiki kwa kihesabio cha biti 10, kinachofika wiki 1,024 kisha kurudi sifuri. Hilo lilitokea usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Vipokezi vya zamani ambavyo programu zao hazikuwa zimerekebishwa viliweza kurudi nyuma karibu miaka 20. Hebu fikiria data za siku hiyo zikijipanga zenyewe kwenye folda za mwaka 1999.

Baada ya saa zinakuja metadata, maelezo yanayosema namba hizi zina maana gani. Dijitaiza haitoi kasi ya ardhi. Hutoa hesabu tupu, na ili uzigeuze kuwa mita kwa sekunde unahitaji kujua kifaa gani kilikuwepo, kikiwa na ukuzaji kiasi gani, yaani kinakuza mtikisiko mara ngapi, tangu lini hadi lini. Maelezo hayo huwekwa kwenye faili la StationXML. Chukua mfano wa fundi aliyebadilisha dijitaiza kituoni na kuweka yenye ukuzaji mara mbili, kisha hakuandika. Data zinaendelea kuingia, grafu zinapendeza, hakuna taa nyekundu popote. Lakini kuanzia siku hiyo kila ukubwa wa tetemeko unaokokotolewa kwa kituo hicho umezidi kwa 0.3. Kosa la namna hiyo linaweza kuishi miaka. Dawa yake ni utaratibu: hakuna kifaa kinachoguswa bila tarehe na saa kuandikwa, na maelezo ya zamani hayafutwi, bali hupewa tarehe ya mwisho, kisha mapya huanza.

Upande wa programu ni mchanganyiko wa vizazi. SeisComP hupokea data na kutambua matetemeko papo hapo. ObsPy, iliyojengwa juu ya lugha ya Python, hutumika kwa uchambuzi. Karibu nazo bado zipo programu za Fortran, lugha ya zamani ya kompyuta, zilizoandikwa miaka ya 1970, zinazofanya kazi yake vizuri na ambazo aliyeziandika alistaafu zamani. Msimamizi huzilea zote. Kuna faili za zamani zilizoandikwa kwenye mashine zilizopanga baiti kwa mpangilio wa kinyume na kompyuta nyingi za leo. Ukisoma faili hilo bila kugeuza mpangilio, namba 1 itatokea kama 16,777,216. Mwanafunzi atadhani amegundua kitu kikubwa.

Ndiyo maana matoleo ya programu hayasasishwi ovyo. Utafiti unapochapishwa, mwingine anapaswa kuweza kurudia hesabu na kupata jibu lile lile. Kila mradi hupewa mazingira yake, yenye orodha ya matoleo kamili, au hufungwa ndani ya kontena, yaani kifurushi cha programu, pamoja na kila kinachohitajika. Sasisho la seva inayopokea data hujaribiwa kwanza kwenye mashine ya pili, inayopokea data zile zile sambamba. Huwezi kusubiri wakati mtulivu, kwa kuwa ardhi haitoi ratiba.

Mambo ya usalama hayatofautiani sana na kwingine: nenosiri la kiwandani libadilishwe kwenye kila dijitaiza, seva ya mapokezi itengwe na mashine za wanafunzi, na foleni ya kazi zinazosubiri kwenye kompyuta kubwa igawanywe kwa haki.

Nakala rudufu, hata hivyo, zina neno moja la kusisitiza. Diski mbili zinazoakisiana zinakulinda diski moja ikifa. Hazikulindi mtu akifuta folda kwa bahati mbaya, maana ufutaji nao unaakisiwa. Nakala ya kweli iko kwenye mashine nyingine, ikiwezekana jengo jingine, na imewahi kurejeshwa. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: mara moja kwa mwezi chagua kituo na siku bila mpangilio, rejesha faili lake kutoka kwenye nakala, lifungue, chora wimbi, kisha linganisha na lile lililopo kwenye hifadhi kuu. Inachukua dakika 20. Yakitofautiana, anza kutafuta siku hiyo hiyo, kabla dijitaiza kule kituoni haijafuta data zake.