Fundi, brauza ipi ni salama?

Wiki iliyopita mama mmoja, katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Kibosho, alishuka mjini Moshi na daladala akiwa amekumbatia kompyuta mpakato aliyoiviringisha kwenye kanga. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajaketi akasema: "Mwanangu, fundi mmoja kaniambia hii imejaa virusi, lazima ipigwe Windows upya. Lakini humu ndani mna kilo za kahawa za wanachama wote tangu msimu uanze. Zikifutika nitawaambia nini?"

Nikaiwasha. Dakika haikuisha, kwenye kona ya chini kulia kikachomoza kisanduku chekundu: kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza hapa usafishe. Kikazama, kikaja kingine, na kingine tena, kila kimoja na nembo ya antivairasi inayojulikana. Mtu yeyote angeogopa. Nikamwomba asogee karibu, nikamwonyesha mstari mdogo wa maandishi ya kijivu uliokuwa ndani ya kila kisanduku. Ulikuwa na jina la Chrome na anwani ya tovuti ambayo hajawahi kuisikia.

Antivairasi iliyomo ndani ya kompyuta haina sababu ya kupitia Chrome, wala haiandiki anwani ya tovuti chini ya onyo lake. Yale hayakuwa maonyo. Yalikuwa arifa, zile zile ambazo tovuti ya habari hukutumia ikiwa na habari mpya, ila safari hii mtumaji alikuwa tapeli. Tulipokaa akakumbuka: siku chache kabla alikuwa akimtafutia mjukuu matokeo ya kidato cha nne, akaingia ukurasa uliosema "bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti". Akabonyeza. Kumbe kitufe kile hakikuwa na habari na roboti. Kilikuwa kinaipa tovuti ruhusa ya kumwandikia wakati wowote, hata ukurasa ukiwa umefungwa.

Dawa yake ni ya dakika mbili. Fungua Mipangilio ya Chrome, ingia Faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti zote ulizoziruhusu. Kwake zilikuwa tatu asizozijua. Tukazifuta, kimya kikaingia. Bahati nzuri hakuwa amebonyeza hata kisanduku kimoja. Nilikagua mashine yote kwa Microsoft Defender, ambayo huja na Windows bila malipo, nikakuta iko safi. Kilo za wanachama zilikuwa palepale. Nikamnakilishia kwenye flashi mbili, moja abaki nayo ofisini, nyingine nyumbani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote hapa dukani ni hilo la kwenye kichwa cha habari, brauza (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) ipi ni salama, na watu hutegemea nitaje jina moja wakaisakinishe walale usingizi. Kwa mashine zinazopita mezani kwangu, ni nadra sana nikute mlango umevunjwa. Mara nyingi mwenye nyumba aliombwa ufunguo kwa lugha nzuri akautoa. Kwa hiyo brauza ninaipima kwa mambo mawili: viraka vyake, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama, vinakufikia upesi kiasi gani, na inakusaidiaje kuona ni nani anayekuomba ruhusa.

Tuanze na viraka. Chrome, Edge, Brave, Opera na Samsung Internet zinaonekana tofauti usoni, lakini tumboni zote zimejengwa juu ya Chromium, mradi wa wazi, ambao yeyote anaweza kuona na kutumia msimbo wake, unaoongozwa na Google. Edge ilihamia huko Januari 2020. Nje ya ukoo huo wamebaki wakubwa wawili: Firefox ya Mozilla, yenye injini yake iitwayo Gecko, na Safari ya Apple inayotumia WebKit. Maana yake ni kwamba tundu likigunduliwa kwenye Chromium, ukoo mzima umetobolewa kwa pamoja, na kinachowatofautisha ni nani anawahi kuziba. Tangu Agosti 2023 Chrome hutoa viraka vya usalama kila wiki. Brauza ndogo usiyojua nani anaitunza inaweza kuchelewa, na kuchelewa ni hatari kwa sababu kiraka kikishatolewa wezi nao hukisoma, wakajua tundu lilikuwa wapi, kisha wakawawinda ambao hawajaziba. Mwaka 2017 Microsoft walitoa kiraka cha Windows mwezi Machi. WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fedha, ikaja Mei ikapita humo humo, ikafunga kompyuta duniani kote zikiwemo za hospitali za Uingereza.

Hapa kuna tabia moja ninayoiona sana kwa watu wa maofisini. Chrome ikishapakua sasisho, haianzi kulitumia mpaka uifunge na kuifungua tena. Sasa kuna mtu ana tabo arobaini, jioni anafunga tu kifuniko cha mashine, asubuhi anafunua anaendelea. Mwezi mzima kiraka kimekaa mlangoni kinasubiri. Ukiona neno la kusasisha limejitokeza juu kulia, lifanyie kazi siku hiyo hiyo. Tabo zako zitarudi.

Na ziko zile mashine za mtumba zilizojaa hapa mjini, RAM ya GB 4 na Windows 7. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109 la mwanzoni mwa 2023. Mozilla waliendelea kuipa viraka kupitia Firefox 115 ya ESR, toleo linalopewa viraka kwa muda mrefu, muda mrefu baada ya Chrome kuondoka, kwa hiyo mwenye mashine ya namna hiyo nilikuwa nikimwekea hiyo kama hatua ya muda. Ushauri wangu wa kweli ni kuhamia Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Watu wengi huogopa jina, lakini kama kazi yako ni barua pepe, WhatsApp ya kwenye kompyuta na kuandika barua, baada ya wiki moja hutaona tofauti kubwa, na mashine itakuwa nyepesi.

Kwenye simu jambo ni bando. Najua kwa nini watu wanaipenda Opera Mini, nami sitamlaumu mtu anayehesabu MB. Lakini elewa inavyookoa bando: kwenye kiwango chake cha juu kabisa cha kubana, ukurasa hauji moja kwa moja kwako. Unapita kwanza kwenye seva za Opera, unafunguliwa huko, unabanwa, ndipo unaletwa. Hata ukurasa uliofungwa kwa HTTPS, ule ulinzi unaoficha mazungumzo yako na tovuti, hufunguliwa njiani. Kusoma magazeti, sawa. Benki, barua pepe ya kazi, au ukurasa wowote unaoandika nenosiri, hapana. Tumia kiwango cha chini au brauza nyingine.

Binafsi natumia Firefox, kwenye kompyuta na kwenye Android, na sababu kubwa ni kiendelezi kimoja, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye brauza: uBlock Origin. Kinazuia matangazo kabla hayajapakuliwa, kwa hiyo kinaokoa bando na kinaziba njia mojawapo kubwa ya uchafu. Matapeli hununua matangazo kama wafanyabiashara wengine. Unatafuta programu fulani, matokeo ya juu kabisa yenye neno "imedhaminiwa" yanakupeleka kwenye ukurasa uliofanana na wa kweli, unapakua mdudu. Google walibadilisha kanuni za viendelezi, uBlock Origin kamili ikaondolewa kwenye Chrome; huko imebaki ile ndogo iitwayo uBlock Origin Lite, nayo ni bora kuliko kukaa bila kitu. Vingine punguza. Kiendelezi kinachoomba kusoma kila ukurasa unaofungua kinaweza kusoma na barua zako, na kinaweza kuuzwa kwa mtu mwingine bila wewe kujua. The Great Suspender kilikuwa kipenzi cha mamilioni. Mwenye nacho akakiuza mwaka 2020, na Februari 2021 Google wakakifungia kwa sababu ya programu hasidi.

Sasa lile la pili, kujua ni nani anayekuomba. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kutazama picha ya kufuli pembeni ya anwani ya tovuti. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo. Kufuli linasema mazungumzo yako na tovuti yamefichwa kwa walioko njiani. Halisemi huyo unayeongea naye ni mwaminifu. Cheti cha HTTPS kinapatikana bure, na tapeli naye anacho. Ndiyo maana Septemba 2023 Chrome waliiondoa ile picha ya kufuli pembeni ya anwani.

Kinachosaidia ni kusoma anwani, na anwani husomwa kwa kurudi kinyumenyume. Baada ya ile mikwaju (/) miwili ya mwanzo, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha soma kutoka hapo kwenda kushoto. Ukikuta necta.go.tz imeegemea mkwaju, umefika Baraza la Mitihani, maana go.tz ni ya taasisi za serikali. Ukikuta necta.go.tz.matokeo-haraka.xyz, mwenye nyumba ni matokeo-haraka.xyz, na yale maneno ya mbele ni pazia alilotundika. Kwenye simu anwani ndefu hukatwa, kwa hiyo iguse uione yote. Yule mama wa Kibosho nilimfundisha hivi kwa kidole kwenye kioo, na mara ya tatu alikuwa ananisomea yeye.

Kisa cha pili kiliniuma zaidi. Kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, watu ninaowahudumia kwa muda mrefu. Kijana wa ofisini alihitaji programu ya kuhariri PDF, ya kulipia ikawa ghali, akatafuta iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipa. Faili lilikuja ndani ya zipu yenye nenosiri, na maelekezo: zima antivairasi kwanza. Ile zipu hufungwa kwa nenosiri ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani. Akafungua, programu haikufanya kazi, akaifuta, akasahau. Ilikuwa imeshamaliza kazi yake: imebeba manenosiri yote aliyoyahifadhi kwenye brauza, na vidakuzi.

Watu wengi hawajui uzito wa vidakuzi. Wapanda mlima wataelewa kwa kibali. Ukishakaguliwa geti la Marangu, huko juu kambini hawakuulizi maswali yote upya, wanaangalia kibali. Kidakuzi ndicho kibali hicho: ukishaingiza nenosiri na namba ya uthibitisho iliyokuja kwenye simu, tovuti inakupa, na kuanzia hapo inakitambua. Aliyeiba nakala yake anaingia bila nenosiri na bila namba ya simu. Wezi wakaingia kwenye barua pepe ya kampuni, wakakaa kimya wakisoma. Mgeni mmoja alipofika hatua ya kulipa, akapokea barua kutoka anwani ile ile ya kampuni, ndani ya mazungumzo yale yale, ikimwambia akaunti ya benki imebadilika. Akalipa. Alipotua uwanja wa ndege wa KIA ndipo wote wawili walipojua.

Tangu mwaka 2024 imesambaa hila nyingine, na hii nawaomba muwaambie na watoto. Ukurasa unakuambia uthibitishe kwamba wewe ni binadamu: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Wakati unasoma, ukurasa umeshanakili amri kwenye kompyuta yako kimyakimya. Wewe unaibandika na kuiendesha kwa mkono wako. Hapo brauza imeshakuwa nje ya jambo, Firefox wala Chrome haiwezi kukuzuia. Hakuna tovuti ya halali inayohitaji ubonyeze Windows na R. Vivyo hivyo ukurasa unaosema brauza yako imepitwa na wakati na kukupa faili la kupakua: sasisho la kweli liko ndani ya menyu ya brauza yenyewe.

Kama umeshabonyeza, kata intaneti kwanza. Zima Wi-Fi, chomoa modemu. Usianze kubadilisha manenosiri kwenye mashine hiyo hiyo, kwa sababu mdudu atayaona na mapya. Chukua simu au kompyuta nyingine, anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote. Badilisha nenosiri, kisha tafuta sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Hapo ndipo vidakuzi vilivyoibwa hufa. Katika barua pepe angalia pia kama kuna kanuni ya kusambaza barua uliyokuwa huijui. Kwenye kampuni ile tuliikuta: kila barua yenye neno la malipo ilikuwa inaruka kwenda kwa wezi. Benki ipigiwe simu saa hiyo hiyo, na polisi uandikishe taarifa, sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015. Mashine yenyewe, katika hali ya namna hii, ndiyo kweli ya kupigwa Windows upya, baada ya kutoa mafaili yako.

Ofisi ile sasa huandika kwenye ankara zao zote kwamba akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe, na mgeni akiona tofauti apige simu kwenye namba aliyopewa siku ya kwanza. Kijana yuko bado kazini, na PDF anazihariri kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure.