Jina la tovuti halikupandishi Google: dhana potofu ninazokutana nazo Mombasa

Kwenye biashara ya leso, zile ambazo wengine huziita kanga, jina ndilo linalouza. Nasema yale maneno machache yaliyochapwa upande wa chini wa mji wa leso, ile sehemu yake ya katikati. Mnunuzi wa Biashara Street huyasoma kabla hajauliza bei, na leso nzuri yenye jina lisilomgusa huiacha pale pale mezani. Kwa hiyo sikushangaa mama mmoja muuza leso wa mtaa huo alipoamini kuwa hata kwenye intaneti jina ndilo litakalomletea wateja. Alinikunjulia risiti ya majina matano ya tovuti, domeni kama tunavyoziita, yote ya mtindo mmoja: leso-bei-rahisi-mombasa, leso-za-harusi-mombasa, na mengine matatu ya kabila hilo. Aliyemuuzia alimwambia mtu akiandika maneno hayo Google, duka lake litatokea la kwanza. Mwaka ukapita. "Mwanangu, mbona sionekani?"

Swali hilo nalisikia pia kwa wenye nyumba za wageni Nyali na kwa wauza vipuri wa Mwembe Tayari. Wengi wao pesa zimeshatoka mfukoni.

Dhana: neno la utafutaji likiwa ndani ya jina, Google itakupandisha

Zamani jambo hili lilikuwa na ukweli, na ndiyo maana halifi. Jina likifanana neno kwa neno na kile mtu anachotafuta, tovuti ilipata msukumo hata kama ndani haina la maana. Sababu moja ilikuwa viungo, yale maandishi unayoyabofya yakakupeleka tovuti nyingine: tovuti nyingine ikikutaja huandika jina lako, na jina lako likiwa ndilo neno la utafutaji, kila kiungo kinakuja kimelibeba neno hilo. Watu wakanunua majina kwa mafungu na kuyajaza kurasa hafifu zenye matangazo.

Tarehe 28 Septemba 2012, Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kazi ya kupambana na takataka za utafutaji pale Google, alitangaza badiliko la kuzishusha tovuti hafifu zenye majina ya namna hiyo. Alisema linagusa asilimia 0.6 ya utafutaji wa Kiingereza nchini Marekani. Leo mwongozo wa Google kwa wanaoanza unasema waziwazi kuwa maneno yaliyomo kwenye jina la tovuti, yakiwa peke yake, karibu hayana athari katika kupanga matokeo. Kazi yake kubwa ni kuonekana tu kwenye ule mstari wa anwani unaotokea pamoja na tokeo lako.

Hii si adhabu kwa kila jina lenye neno la utafutaji. Kama domeni yako ina neno "hoteli" na umeshaitumia miaka sita, usiiguse. Kuhama ni kazi: inabidi kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye mpya kwa uelekezaji wa kudumu, ule unaoitwa 301, na Google inashauri uuache ukifanya kazi angalau mwaka mmoja. Mzigo huo haubebwi kwa sababu ya neno moja.

Dhana: mwenzangu jina lake lina neno, naye yuko juu, basi ndilo lililompandisha

Hapa ndipo watu wengi wanaponasa, nami huwa nawaomba tufungue tovuti ya huyo mwenzao tuisome pamoja. Mara nyingi tunakuta picha za bidhaa zake mwenyewe, bei, maelezo ya kufikisha mzigo, na tovuti nyingine kadhaa zinazomtaja. Hayo yote yangemfikisha juu hata kama angeitwa Mnazi Mmoja.

Tazama leso za Kaderdina. Pembeni zimechapwa "Mali ya Abdulla". Hapo hamna neno leso, hamna kanga, hamna bei rahisi, na bado wanawake wa pwani huiulizia kwa jina hilo hilo. Mtu anayekutafuta kwa jina lako amekwisha kukuchagua. Anayeandika "leso Mombasa" anamtaka muuza leso yeyote, na ukijiita hivyo umejichanganya na mtaa mzima.

Halafu kuna jambo la lugha, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Sisi Mombasa tunasema leso. Ndugu zetu wa Tanzania wanasema kanga, na wengine huandika khanga. Jina la tovuti linabeba neno moja au mawili, likizidi linakuwa sentensi. Ukurasa unabeba yote. Nilipoisoma tovuti ya mama yule, neno kanga halikuwepo hata mara moja. Picha ishirini na moja, kila moja ina maandishi "leso nzuri" na basi. Hakuna hata jina la leso moja lililoandikwa! Yaani maneno yale yale ambayo mnunuzi huyasoma dukani kabla ya kuuliza bei, kwenye tovuti yalikuwa yamefungiwa ndani ya picha. Tulikaa siku mbili tukiyaandika moja moja, yeye anazikunjua leso na kusoma kwa sauti, mimi nachapa. Tukaongeza kama ni pamba tupu, kama zinauzwa jozi, kama anatuma Lamu kwa basi. Mwanamke aliyeiona leso harusini akalikumbuka jina lake, hayo ndiyo maneno atakayoandika kwenye simu yake.

Dhana: domeni nyingi ni nyavu nyingi

Domeni tano zinazoelekezwa kwenye tovuti moja hazijumlishi kitu. Google inaona tovuti moja. Ukinakili ukurasa ule ule mara tano, itachagua nakala moja ya kuonyesha na zilizobaki itaziweka kando. Ukitengeneza kurasa nyingi zinazofanana, moja ya Likoni, moja ya Bamburi, moja ya Kongowea, kwa shabaha tu ya kuwavuta watu kwenye ukurasa mmoja, hapo umeingia kwenye yale ambayo kanuni zake zinayahesabu kuwa udanganyifu. Sababu njema ya kuwa na domeni ya pili ni kulilinda jina lako: .co.ke na .com, ili mwingine asilitwae.

Kuhusu mwisho wa jina, .co.ke inaonyesha kuwa unawalenga watu wa Kenya, na uzito wake ni mdogo. Miisho mipya yenye maneno ya biashara haikupandishi.

Vistari navyo vina hasara isiyohusiana na Google kabisa. Nilikuwa dukani siku mteja wa Lamu alipopiga simu akiomba anwani ya tovuti. "Leso, kistari, bei, kistari... hapana mama, si kiatu, kistari. Kale kamstari kadogo ka katikati." Mara tatu. Mwishowe mama akasema, "Haya, nitakutumia picha kwa WhatsApp."

Dhana: basi nitayapanga maneno kwenye jina la ramani

Hii ndiyo iliyoingia mjini siku hizi: mtu duka lake linaitwa jina moja barabarani, kwenye ramani ya Google ameandika jina hilo na nyuma yake "leso bei nafuu harusi Mombasa". Kanuni zinataka jina la ramani liwe lile linalojulikana na wateja na lililo kwenye kibao. Ukizidisha, wasifu wa duka unaweza kusimamishwa, na kuurudisha ni mahangaiko. Google inaeleza kuwa matokeo ya karibu hupangwa kwa mambo matatu: unavyolingana na kinachotafutwa, umbali wako na anayetafuta, na unavyojulikana. Saa za kufungua zilizo sahihi, picha za kweli na maoni ya wateja vinasaidia. Wakati wa Ramadhani duka linapobadilisha saa, zibadilishe na huko.

Mama aliziacha domeni nne ziishe muda. Domeni hainunuliwi mara moja ikawa yako milele, hulipiwa kila mwaka au kwa miaka kadhaa, na tano ni ada tano. Akachukua moja mpya, fupi, jina lile lililo juu ya mlango wa duka tangu enzi za mama yake. Ile ya tano, iliyokuwa imechapwa kwenye mifuko, alitaka kuibakiza ielekeze kwenye hiyo mpya, na hapo tukagundua kuwa zote tano ziliandikishwa kwa jina na barua pepe ya yule aliyemuuzia. Tulimpigia simu wiki tatu kabla hajaikabidhi. Unapolipia domeni, mwambie anayekuandikishia aweke jina lako na barua pepe yako, na nywila ibaki kwako.